Hela na Paa: Mama Burroughs na Nyumba Mbili za Mtaa Mmoja

Ikifika Machi kila mwaka simu yangu inajaa mabango ya wanawake viongozi. Mama kavaa suti, mikono kakunja kifuani, pembeni kuna maneno ya kutia moyo, kafungua milango, kavunja vikwazo, kaacha alama. Mabango yenyewe sina ugomvi nayo, ila nimekaa kwenye hizi asasi za sanaa za jamii muda wa kutosha kujua kwamba hapo bado hujaambiwa kitu. Milango ipi? Funguo alikuwa nazo nani? Kodi ya pango nani alilipa, na ule mwezi mfadhili alipochelewa kutuma hela huyo mama alikula nini? Ukiniuliza mimi, habari ya mwanamke yeyote aliyeongoza sanaa huku anatetea watu wake inaanzia hapo, kwenye hela na paa, na ukiparuka hapo ujue umesoma risala tu.

Kwahiyo leo nataka nimuongelee mtu mmoja ambaye nimekuwa nikimsoma kwa vipande vipande miaka sasa, Margaret Burroughs wa Chicago. Nitamwita Mama Burroughs, maana mtu aliyefundisha sekondari zaidi ya miaka 20 mimi siwezi kumwita jina tupu.

Alizaliwa 1915 huko Louisiana, kusini kabisa mwa Marekani, familia ikahamia Chicago akiwa bado mdogo, kwenye lile wimbi la Weusi waliokuwa wanaondoka kusini kwenda kutafuta kazi za viwandani na kupumua kidogo. Chicago nayo haikuwa peponi, Weusi walibanwa upande wa South Side, nyumba zimejaa pomoni, kodi kubwa, na ukijaribu kuvuka mpaka unakutana na mawe. Sekondari alisoma Englewood, na akiwa bado binti akajiunga na tawi la vijana la NAACP, chama cha kutetea haki za Weusi, pamoja na mwenzake Gwendolyn Brooks, huyu Brooks ndo yule mshairi ambaye 1950 alikuja kuwa Mweusi wa kwanza kupata tuzo ya Pulitzer. Kwahiyo ukisikia watu wanabishana kama sanaa na harakati vichanganywe au visichanganywe, ujue kuna mabinti wa Englewood walishamaliza huo mjadala kabla hawajamaliza shule.

Akasomea ualimu, baadaye akasoma Art Institute of Chicago, makumbusho makubwa ya sanaa yenye chuo chake, shahada ya kwanza na ya pili. Weka akilini hilo la ualimu, tutalirudia, kwa sababu kwa maoni yangu limebeba nusu ya habari yote.

Sasa tuje kwenye nyumba. Miaka ya 1930 uchumi wa Marekani uko hoi, watu hawana kazi, wasanii ndo usiseme. Serikali ya Roosevelt ikaanzisha mpango wa kuwaajiri wasanii, unaitwa Federal Art Project, ulianza 1935 chini ya WPA, lile shirika kubwa la kutoa ajira. Ndani yake kulikuwa na vituo vya sanaa vya mitaani, vilifika zaidi ya 100 nchi nzima, na masharti yake ndo yananivutia: serikali inalipa walimu na inasaidia ukarabati, ila jengo na gharama za kuliendesha wenyeji mjitafutie. Yaani mfadhili anakwambia mishahara niachie mimi, we nionyeshe nyumba. Anayefanya kazi hizi anajua hilo ni bonge la dili, maana wafadhili wengi niliokutana nao mimi wako kinyume kabisa, atanunua kompyuta, atagharamia warsha hotelini, atachapisha fulana zenye nembo yake mbele na nyuma, lakini mshahara wa dada anayefungua ofisi asubuhi hataki hata kuusikia. Kuna mmoja alishatuambia mishahara "haionekani kwenye picha". Basi.

Ila nyumba ya South Side ingetoka wapi? Wasanii Weusi walikuwa hawapokelewi kwenye galari za katikati ya mji, hela hawana, benki haziwajui. Kuanzia 1938 wakawa wanakutana, wasanii, walimu, wafanyakazi wa ustawi wa jamii, wafanyabiashara, na Mama Burroughs alikuwa kati ya wadogo kabisa humo ndani, miaka ishirini na kitu. Wenye uwezo wakaandaa dansi kubwa la kuchangisha, watu wanakuja na mavazi ya ajabu ajabu, tiketi zinauzwa. Na wasio na uwezo wakawa na kampeni yao ya Maili ya Dime, kusanya sarafu za senti 10 mpaka zikipangwa zifike maili moja. Yeye alisimama kona ya barabara na kopo.

Hebu tuifanye hiyo hesabu maana mimi niliifanya na ilinikalisha chini. Dime ni sarafu ndogo kuliko zote za Marekani, upana wake haufiki hata milimita 18. Maili moja ni mita 1,609. Kwahiyo ukizilaza moja moja zigusane unahitaji karibu sarafu 90,000, ambazo ni kama dola 9,000, na hizo ni dola za wakati ule. Mtu anayesimama na kopo kwa ajili ya lengo kama hilo anajua kabisa kwamba hatalifikisha peke yake wala kwa wiki, na nadhani ndo maana ya kampeni yenyewe, kwamba kila anayepita akitumbukiza senti 10 anaondoka akiwa na haki ya kuuliza mbona ile nyumba yetu imefungwa leo. Ile tiketi ya dansi ni starehe, ukishacheza umerudishiwa thamani yako na mkaachana salama. Kwa dime ya kona mtu hapati kitu, anabaki na dai. Hapa ndo penye kiini cha kila kitu alichokuja kufanya huyu mama baadaye, alipenda hela ndogo za watu wengi kuliko hela kubwa ya mtu mmoja, na sio kwa sababu hela kubwa mbaya, hela kubwa alizitafuta pia na alizipata, ila hakuwahi kuziacha zikae peke yake.

Nyumba ikapatikana, namba 3831 South Michigan Avenue, jumba la kifahari la miaka ya 1890 lililojengwa kwa ajili ya tajiri mfanyabiashara wa nafaka. Matajiri wa aina yake walishahama eneo lile. Kituo kikafunguliwa Desemba 1940 kwa jina la South Side Community Art Center, na Mei 1941 mke wa rais, Eleanor Roosevelt, akaja kukizindua rasmi. Ndani ukumbi wa maonyesho ulitengenezwa upya na wabunifu wa New Bauhaus, skuli ya ubunifu ya hapohapo Chicago, kuta zimepigwa mbao kuanzia chini hadi juu, na hizo mbao hazijawahi kubadilishwa, zimejaa matundu ya misumari ya kila onyesho lililotundikwa pale miaka yote hiyo. Ukumbi wenyewe sasa una jina lake, na ukitafuta picha zake angalia ukuta kabla hujaangalia michoro. Kwenye ghorofa ya chini kabisa Gordon Parks, kabla hajawa yule mpiga picha mashuhuri, alikuwa na chumba cha giza cha kusafishia picha. Elizabeth Catlett, mchongaji na mchapaji picha, alipita pale, na alipofika Chicago alikaa nyumbani kwa Mama Burroughs. Wachoraji kina Charles White, Archibald Motley, Eldzier Cortor, wote hao.

Watu wengi wakisimulia wanaishia hapo, mke wa rais kakata utepe, makofi, picha ya pamoja. Ila kazi ndo ilikuwa inaanza na ugomvi ndo ulikuwa unaanza. Mkurugenzi wa kwanza alikuwa Mzungu, Peter Pollack, aliyekuwa na galari katikati ya mji na ndiye aliyeunganisha watu na mpango wa serikali. Kwenye meza ya wakubwa walikaa wenye nazo wa South Side. Wasanii waliosimama kona na makopo wakajiona wanasogezwa taratibu kwenda nyuma ya ukumbi, na Mama Burroughs hakuwa mtu wa kunyamaza kuhusu hilo. Mimi hii nimeiona kwa macho yangu mara nyingi sana, mabinti wanaanzisha kitu kwa miguu yao, kikishapata jina watu wa heshima wanaitwa "kukipa sura", na wale mabinti wanajikuta wanaandaa chai ya kikao. Halafu 1943 serikali ikafunga WPA, vita imeanza, mishahara ikakatika. Vituo vingi nchi nzima vikafa hapo hapo. Cha South Side hakikufa, na kinatajwa kwamba ndo pekee kati ya vile vyote kilichobaki kinafanya kazi kwenye jengo lake la mwanzo. Kwanini? Kwa sababu nyumba ilikuwa yao. Mfadhili alipoondoka aliondoka na mishahara, paa alishindwa kuondoka nalo.

Hapa lazima nikupeleke New York kidogo ili uone upande wa pili ulivyokuwa, maana Harlem, mtaa wa Weusi wa mji huo, kulikuwa na mama mwingine, Augusta Savage, mchongaji wa sanamu, mkubwa kwa Mama Burroughs kwa miaka 20 na zaidi. Alizaliwa Florida 1892. Mwaka 1923 alinyimwa nafasi ya kwenda kusoma Ufaransa kwa sababu ya rangi yake, akalisema hadharani, magazeti yakaandika, na wakubwa wa sanaa hawakumsahau kwa hilo. Huyu mama alifundisha bure kwenye studio yake, mikononi mwake wamepita wachoraji kina Jacob Lawrence na Gwendolyn Knight na Norman Lewis. Lawrence mwenyewe, alimpeleka kwenye ule mpango wa serikali kuomba kazi wakamwambia umri haujafika, mama akanyamaza, mwaka uliofuata akamshika mkono akamrudisha palepale na kijana akapata. Yaani hakusahau. Kwangu mimi huo ndo uongozi, na hakuna ripoti ya robo mwaka yenye kisanduku cha kuandika kitu kama hicho.

Mwaka 1937 Savage akawa mkurugenzi wa kwanza wa Harlem Community Art Center, cha WPA vilevile, na Eleanor Roosevelt yuleyule alihudhuria ufunguzi. Halafu akapata kazi ya ndoto, kutengeneza sanamu kwa ajili ya Maonyesho ya Dunia ya New York ya 1939. Akaomba likizo akaenda kuchonga. Akatengeneza kinubi kikubwa chenye urefu wa futi 16, nyuzi zake ni waimbaji Weusi 12 wamesimama kwa kupangana, watu walikipenda hadi wakawa wanauziwa vinakala vidogo vya ukumbusho. Aliporudi kazini, kiti chake kishakaliwa na mtu mwingine. Na kile kinubi kilikuwa cha plasta iliyopakwa rangi ifanane na jiwe, maana hela ya kukimwaga kwa shaba hakuna, hela ya kukihifadhi hakuna, maonyesho yalipoisha katapila likakivunja pamoja na mabanda mengine. Akajaribu kufungua galari yake mwenyewe, haikumaliza mwaka. Miaka ya 1940 akahama kabisa akaenda Saugerties, mji mdogo nje ya New York, akawa anaishi maisha ya chini chini mpaka karibu na kifo chake 1962. Na aliyekalia kile kiti, Gwendolyn Bennett, mwanamke Mweusi mwenzake, mshairi, naye 1941 akasimamishwa kazi kwa kushukiwa ukomunisti. Kiti kilikuwa cha moto kwa yeyote.

Sasa wawili hawa, Savage na Burroughs, wote walikuwa na kipaji, wote wana mdomo, wote walipenda watoto wa watu. Sitaki kusema mmoja alikuwa na akili kuliko mwingine, huo ni uonevu. Tofauti ninayoiona mimi ni kwamba Savage mshahara wake, cheo chake na jengo lake vyote vilikuwa kwenye mkono mmoja, na ule mkono ulipofunguka vyote vilidondoka siku moja. Mama Burroughs alikuwa na chaki. Kuanzia 1946 alifundisha sanaa DuSable High School mpaka mwisho mwisho wa miaka ya 60, halafu akaenda kufundisha chuo cha Kennedy-King. Mchana yuko darasani na watoto wa sekondari, jioni na wikendi ndo anafanya mambo ya kituo, na baadaye ya makumbusho. Sio jambo la kusifia moja kwa moja, ni uchovu usiosemeka, na mimi nachukia sana tunavyowapongeza wanawake kwa kufanya kazi mbili ambapo moja hailipwi. Ila kiukweli ule mshahara wa ualimu ndo uliompa nafasi ya kusema hapana kwenye vikao, kwa sababu hakuna aliyekaa kwenye ile meza aliyekuwa ameshika unga wake.

Na hata huo mshahara wenyewe ulitikiswa. Mwanzo wa miaka ya 1950 Marekani ilikuwa imeingiwa na homa ya kusaka wakomunisti. Mama Burroughs alikuwa anamuunga mkono waziwazi Paul Robeson, yule mwimbaji ambaye serikali ilimnyang'anya pasipoti 1950, na kumuunga mkono wakati ule ilikuwa kujitafutia makubwa. Akaitwa na wakubwa wa elimu akahojiwa misimamo yake. Na kwenye kituo cha sanaa, kile kile alichokisimamia na kopo, hali ya hewa ikabadilika, watu waliokuwa wanaogopa majina yao kuchafuka wakamsogeza pembeni. Hebu fikiria. Mtu kakuchangia tofali halafu unamwambia asikae sebuleni kwa sababu majirani watasema.

Akachukua likizo ya masomo 1952 akaenda Meksiko. Huko akajifunza kwenye karakana ya Taller de Gráfica Popular, iliyoanzishwa 1937, chini ya Leopoldo Méndez. Hawa jamaa walikuwa wanachapa picha na mabango ya vyama vya wafanyakazi, kampeni za kufundisha watu kusoma, vitu vya bei rahisi vya kubandika ukutani mtaani. Mama Burroughs akazama kwenye kuchapa kwa lino na hakutoka tena.

Niieleze hii kidogo kwa ambao hamjawahi kuiona. Unachukua kipande cha linoliamu, ile ile ya kutandika sakafuni, unachora juu yake picha ikiwa kinyume, kama kuna maandishi nayo unayaandika kinyume, halafu kwa kipatasi kidogo unachimba kila sehemu unayotaka ibaki nyeupe. Ukichimba kusikotakiwa hakuna kufuta. Kisha unapaka wino mzito kwa rola, wino unashika yale matuta yaliyobaki juu tu, unalaza karatasi, na kama huna mashine unasugua mgongo wa karatasi kwa kijiko, taratibu, mpaka mkono uume. Ukibandua, sura ya mtu inakuangalia. Unapaka wino tena unatoa nyingine, na nyingine, na zote ni halisi, hakuna ya kwanza na nakala. Mchoro wa rangi za mafuta ni mmoja na atanunua mmoja. Chapa ya lino mwalimu mwenzako anaweza kuinunua na dada wa kazi anaweza kuinunua, wote wakaitundika ukutani. Mama Burroughs alikuwa anauza zake kwa bei ya kuchekesha na nyingine anagawa tu. Kuna wachambuzi wa sanaa wanaona hilo lilimshushia thamani sokoni, labda kweli, sidhani kama lilimkosesha usingizi. Ni dime zilezile, safari hii zinaenda upande wa pili.

Aliporudi hakwenda kugombania kiti. Hii ndo sehemu naipenda kuliko zote. Akaanzisha vingine. 1957 maonyesho ya sanaa ya nje pale Lake Meadows, wasanii wanapanga kazi zao hewani mtu yeyote anapita anaangalia, hakuna wa kukuzuia mlangoni kwa sababu mlango wenyewe hakuna. 1959 akawa kati ya walioanzisha umoja wa kitaifa wa wasanii Weusi kwenye mkutano wa Atlanta, na akauongoza miaka ya mwanzo. Halafu 1961, yeye na mumewe Charles na wenzao wachache, wakafungua makumbusho ya historia na sanaa ya Weusi. Wapi? Nyumbani kwao, ghorofa ya chini, namba 3806 South Michigan Avenue. Ukiangalia hizo namba utaona, ni mtaa uleule, hatua chache kutoka 3831 upande wa pili wa barabara. Waliomsogeza pembeni wakawa wanamuona kila siku anapokea mabasi ya wanafunzi.

Nyumba yenyewe nayo ilikuwa na historia yake, jumba lingine la tajiri wa miaka ya 1890 ambalo baadaye liligeuka kuwa mahali pa kulala na kukutania wafanyakazi Weusi wa reli. Mwanzoni vitu vya makumbusho vilikuwa vya kwao wenyewe, vitabu, picha, vinyago, barua, vitu ambavyo watu wa South Side walikuwa navyo kabatini hawajui kama ni historia. Charles alikulia sehemu kubwa ya ujana wake Urusi ya Kisovieti kwa sababu mama yake alikuwa mwanaharakati, kwahiyo fikiria mgeni anayepokelewa na huyo baba halafu na huyo mama kwenye sebule moja. Wanafunzi waliokuja pale ni wale ambao vitabu vyao vya shule viliwataja Weusi kama watumwa kisha vikafunga ukurasa. Mama Burroughs alikuwa anaona vitabu hivyo kila siku kazini kwake. Hakuandika waraka wa kulalamika, au tuseme hata kama aliandika hakusubiri majibu, alibeba meza.

Mwaka 1968 makumbusho yakachukua jina la DuSable, kwa heshima ya Jean Baptiste Point du Sable, mfanyabiashara Mweusi anayehesabiwa kuwa mkazi wa kwanza wa pale Chicago ambaye si Mzawa wa asili. Mji umeanzishwa na mtu Mweusi halafu watoto Weusi wa mji huo hawafundishwi. Jina peke yake lilikuwa somo.

Sasa angalia alivyocheza na hela kubwa. Sebule ilishajaa. Kuna utaratibu Chicago kwamba makumbusho yaliyoko kwenye ardhi ya mbuga za mji yanapata fungu kutoka kwenye kodi ya majengo kupitia Chicago Park District, ndo wanavyofanya Art Institute na Field Museum na vigogo wengine. Kodi hiyo watu wa South Side walikuwa wanailipa kama kawaida. Kwahiyo aliyepigania makumbusho ya DuSable kupewa jengo kwenye ardhi ya mbuga hakuwa anaomba msaada, alikuwa anadai chenji yake. Wakapewa jengo lililokuwa ofisi za utawala ndani ya Washington Park na 1973 makumbusho yakahamia humo. Kutoka sebuleni hadi kwenye fungu moja na Field Museum, ndani ya miaka 12. Na hapo zile dime zina kazi yake, maana huwezi kwenda kudai kodi ya watu kama nyuma yako hakuna watu, na yeye alikuwa na kila mtoto aliyewahi kumfundisha, na wazazi wao, na kila nyumba yenye chapa yake ukutani. Wanasiasa wanajua kuhesabu.

Mwaka 1985 meya Harold Washington, meya wa kwanza Mweusi wa Chicago, akamteua kuwa kamishna kwenye bodi ya Park District, yaani ile ile iliyomiliki ardhi aliyokuwa anaipigania. Akaachia ukurugenzi wa makumbusho, ila kwenye hiyo bodi akakaa mpaka uzeeni kabisa. Na huku na huku alikuwa anaenda magerezani, Stateville na kwingine, kufundisha wafungwa sanaa na ushairi, kwa miongo, bila kamera. Hilo la magereza sina la kuongeza, ukitaka kujua mtu anaongozwa na nini angalia anaenda wapi siku ambayo hakuna mgeni rasmi.

Kuna ufukwe wa ziwa pale 31st Street, na fukwe za Chicago ziko chini ya hiyo Park District, ambao 2015 ulipewa jina lake. Watu wa South Side wanaujua vizuri huo upande wa ziwa. Julai 1919, mitaa miwili tu kutoka hapo, kijana wa miaka 17 anaitwa Eugene Williams alikuwa anaogelea, akaelea hadi upande ambao Wazungu waliuhesabu wao, akarushiwa mawe akazama, na machafuko yaliyofuata yaliua watu 38. Kwa hiyo mimi sichukulii jina la ufukwe kama pambo. Ila nakiri majina ya barabara na fukwe huwa yananipa wasiwasi kidogo, mara nyingi mji unakupa jina siku ambayo huwezi tena kuudai kitu.

Alifariki Novemba 2010 akiwa na miaka 95. Hesabu kutoka alipoachia ukurugenzi, ni kama robo karne makumbusho yanaendeshwa na watu wengine na yeye yupo hai, yupo mji huohuo, anaweza kuingia kwa miguu akaona walichobadilisha. Naambiwa na kila mwasisi niliyewahi kufanya naye kazi kwamba hiyo ndo ngumu kuliko kuchangisha. Nina rafiki yangu, naye anaongoza kikundi cha maigizo cha jamii, yeye anabisha, anasema Mama Burroughs aliweza kuachia kwa sababu alikuwa na pensheni ya ualimu na nyumba, kwamba wanawake wengi tunaowasema wanang'ang'ania viti sio walafi wa madaraka, ni kwamba kile kiti ndo kula yao na wakiinuka hawana pa kukaa. Na Augusta Savage ni ushahidi wake. Tulibishana sana siku hiyo, mpaka nikagundua tunasema kitu kimoja. Kwahiyo mkinialika kwenye bodi yenu cha kwanza nitaomba kuona hati ya nyumba, cha pili karatasi ya mishahara, na kama mwanzilishi ni mwanamke na jina lake halipo kwenye hiyo karatasi, tutaanzia hapo kabla ajenda nyingine yoyote haijasomwa.